Nyumba Tulizoziacha Sericho

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka uliofanyika Isiolo, nayo yamepigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati



Kamati ilituagiza tuseme mbele yenu maneno machache juu ya jambo ambalo, tangu ukame ulipotutawanya, limeletwa mezani petu mara nyingi kuliko jambo lingine lolote isipokuwa karo za shule. Jambo lenyewe ni nyumba zetu zilizobaki Sericho. Wanachama huja kwa zamu, huyu leo na yule kesho, nao huuliza maswali matatu yale yale: Je, tuziuze? Tuzifunge kwa kufuli? Au tuzipangishe? Na ikiwa ni kuzipangisha, tutoze kodi kiasi gani, hali bei ya nyumba imeshuka hata haifikii thamani ya mabati yaliyo juu yake?

Hatukusimama hapa kuwafundisha wazee wetu. Wengi wao walijenga kabla sisi hatujazaliwa, na wako waliojenga, wakapoteza, wakajenga tena. Kazi ya karani ni kusikiliza, kuandika na kujumlisha. Basi tumejumlisha yale mliyotuambia, tukatia na kosa letu wenyewe, na jumla yake tumeiona kuwa ni hii: nyumba iliyopoteza bei haijapoteza kazi yake. Njia ya kuiokoa ni kuipangisha kwa kodi ndogo yenye maandishi, na fungu la kwanza la kodi hiyo liwe la nyumba, kabla ya kuwa la mwenye nyumba.

Jinsi bei ilivyoshuka

Yafaa kwanza tuelewane kwa nini bei imeshuka, maana mgonjwa hatibiwi kabla ya kujulikana ugonjwa wake.

Nyumba ya Nairobi, au hata ya hapa Isiolo mjini, ina thamani mbili: thamani ya jengo na thamani ya ardhi. Jengo likichakaa, ardhi humsaidia mwenyewe. Sericho si hivyo. Ardhi yetu ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana, kwa niaba ya wenyewe, wala Kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Aghalabu mtu wa kwetu hana hatimiliki. Ana barua ya kiwanja ya zamani, au ana ushahidi wa majirani na wazee tu. Kwa hiyo anapouza nyumba, anauza mawe, mbao na mabati. Na thamani ya vitu hivyo, vikiwa vimesimama Sericho, hutegemea jambo moja tu: kama yuko mtu mwenye fedha atakaye kukaa hapo.

Fedha za Sericho zilikuwa zikitembea kwa miguu minne. Ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo ndio waliolipa saruji, ndio waliolipa lori la kuileta, ndio waliomlipa fundi. Mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022. Mnamo Septemba 2021 Rais alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Na mto wetu Ewaso Nyiro, uzaliwao katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hunywewa na mashamba ya huko juu kabla haujatufikia. Kinamasi cha Lorian, kilichokuwa kimbilio la mifugo siku za kiangazi, si kile ambacho wazee wetu walikijua. Kisha mwisho wa mwaka 2023 zikaja mvua za El Nino pamoja na mafuriko. Majani yakaota kweli kweli, lakini wengi wetu hatukuwa tena na mnyama wa kuyala.

Mifugo ilipokwisha, wanunuzi wa nyumba walikwisha pia. Hiyo ndiyo habari yote ya bei. Nyumba hazikuharibika; waliopungua ni watu wenye fedha.

Walakini hii si mara ya kwanza. Wazee wetu waliletwa upande huu wa Waso kutoka Wajir na serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1930, wakaanza upya. Kisha vikaja vita vya 1963 hadi 1967, kipindi ambacho wazee hukiita Gaf Daba, yaani wakati ambapo mambo yote yalisimama. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na mingine ikauawa. Aliyekuwa tajiri wa ngamia akatoka hana hata mmoja. Wakati huo nani angenunua nyumba Waso? Lakini watu wakarudi, wakachimba visima, wakajenga shule na misikiti na maduka. Hatusemi ya kuwa bei itapanda kesho. Karani si mtabiri. Twasema tu ya kuwa bei ya siku ya njaa ni kipimo cha njaa, si kipimo cha nyumba.

Kosa letu

Sasa tunaomba radhi tusimulie habari ya nyumba yetu wenyewe, maana mwenye kuwaonya watu juu ya shimo hana budi kuonyesha kwanza matope ya nguo yake.

Marehemu baba yetu alijenga Sericho nyumba ya mawe, vyumba viwili na sebule, kwa fedha za mafahali wake. Mwaka 2022, ng'ombe walipokwisha, tulimleta mama yetu hapa Isiolo akiwa mgonjwa, tukafunga mlango. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mwalimu mmoja alitupigia simu akaomba kuipanga. Akasema anaweza kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Sisi ni karani, nasi tulijivunia hesabu. Tukakaa chini tukahesabu saruji, mbao, misumari, nauli ya lori na ujira wa fundi. Tukasema: nyumba iliyogharimu kiasi hiki haipangishwi kwa 2,000. Tukataka 5,000. Mwalimu alitushukuru kwa adabu, akatafuta mahali pengine. Nasi tukaona ya kuwa tumelinda heshima ya baba yetu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, hapakuwa na mtu wa kuzibua mfereji wa paa. Maji yakajaa, yakashuka ukutani, yakachimba msingi. Upepo uliinua mabati mawili ambayo mtu mwenye nyundo na misumari michache angaliyarudisha asubuhi moja. Mchwa wakala fremu ya mlango, wakapanda kwenye kenchi. Tulipofika kuitazama, kufuli ilikuwa nzima kabisa, nayo ilikuwa inalinda chumba chenye maji. Fundi alipotupa hesabu yake, ilizidi kodi ya miaka miwili ambayo mwalimu yule angalitulipa.

Hesabu yetu ilikuwa sahihi, ila tulihesabu kitu kisichoulizwa. Gharama ya kujenga ni habari ya jana. Kodi ni habari ya leo: ni nani yuko, na ana nini mfukoni.

Mwaka uliofuata, ndugu yetu alimleta mfanyabiashara aliyekuwa tayari kununua. Bei aliyoitaja haikutosha hata kununua mabati mapya. Ndugu yetu alitaka tukubali, naye hakuwa na nia mbaya. Watoto wake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa karo. Tukamwuliza mama yetu. Naye alijibu neno moja: "Sikuiaga." Alitolewa mle akiwa amebebwa, wala hakupata kusimama mlangoni akaitazama. Neno hilo lilitufunga vinywa, na nyumba haikuuzwa. Lakini karo za watoto wale zilibaki pale pale. Na hata leo hatuwezi kusema ya kuwa ndugu yetu alikosea kuuliza.

Kuuza na kufunga

Kwa hiyo, tukianza na kuuza, hatumlaumu anayeuza kwa ajili ya dawa au karo. Lakini yafaa ajue anauza nini. Mfugaji wa Waso, hata katika kiangazi kikali, huuza dume kwanza. Mtamba humshika mpaka mwisho, kwa kuwa katika mtamba huyo ndimo lilimo boma la kesho. Nyumba ya Sericho ni mtamba. Ikishauzwa kwa bei ya leo, mwenyewe akitaka kurudi hataweza kujenga nyingine, maana bei ya nyumba imeshuka lakini bei ya saruji haikushuka.

Tena tukumbuke habari ya mawe. Porini kati ya Sericho na Habaswein yalikuwako mawe mazito yenye chuma, ambayo wachunga ngamia waliyapita miaka mingi bila kuyapa bei yoyote. Mwaka 2016 yalitambuliwa kuwa ni vimondo vilivyoanguka kutoka mbinguni. Zaidi ya kilo 2,000 zilikusanywa, zikaenda nchi za mbali, na leo vipande vyake hukatwa, hung'arishwa na kuuzwa kwa jina la Sericho kwa watu ambao hawajui Sericho iko wapi. Hatusemi ya kuwa nyumba zetu ni vimondo. Twasema tu ya kuwa kukosa bei machoni petu leo si dalili ya kukosa thamani, na anayekuja kununua wakati kila mtu anauza, aghalabu ameona jambo.

Ama kufunga, habari yake mmeisikia. Kufuli huzuia mwizi, haizuii mchwa. Nyumba hupumua kwa watu: moshi wa jikoni hufukuza wadudu, ufagio huonyesha ufa, mkono wa mkaaji hupigilia msumari uliolegea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni nani atakayeuona ufa katika nyumba isiyo na mtu?

Wako pia wanachama ambao wamefunga nyumba Sericho, nao hapa Isiolo ni wapangaji. Tangu mradi wa LAPSSET uanzishwe mwaka 2012, na barabara ya lami kufika Moyale, na uwanja wa ndege kufunguliwa, mji huu umewavuta watu wengi na viwanja vyake vimepanda bei. Kila mwezi twamlipa mwenye nyumba wa Isiolo, na kila mwezi nyumba yetu wenyewe imo gizani. Shilingi 2,000 tulizozidharau Sericho tunazitafuta hapa kwa jasho.

Nyumba za wengine

Msiba wa nyumba kupoteza bei si wa Waso peke yake, na yafaa kujifunza kwa waliotutangulia.

Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na watu wakapangishwa kwa kodi ndogo mno. Wapangaji walipata makao, na hilo lilikuwa jema. Lakini kodi hiyo haikutosha kutengeneza paa wala kupaka chokaa, na maji ya mvua yakaingia katika kuta za mawe na udongo. Nyumba zilizosimama miaka mingi zikaanza kuporomoka. Mwaka 1985 hapana budi ikaundwa Mamlaka maalumu ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo kazi ya kuzitengeneza haijakwisha. Somo lake ni kwamba kodi isiyotosha kutengeneza paa hulipwa na paa lenyewe.

Detroit, huko Marekani, ulikuwa mji wa viwanda vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, hesabu ya mwaka 2020 ilikuta wasiofika 640,000. Mwaka 2013 mji wenyewe ulikwenda mahakamani kutangaza kufilisika. Nyumba zilishuka bei hata zikanunuliwa na watu wa mbali ambao wengine wao hawakupata kuziona. Waliotaka kodi tu, bila kutengeneza kitu, walivuna muda mfupi, kisha wakaziacha zikiwa magofu, na jirani aliyebaki akapata hasara mara mbili, kwa kuwa gofu hushusha bei ya nyumba iliyo kando yake. Somo lake ni kwamba mwenye nyumba aliye mbali, asiye na mtu wa kumwangalizia, humharibia na jirani. Na sisi tulioko Isiolo, ndugu wanachama, ndio wenye nyumba walio mbali.

Huko Japani, nchi tajiri, hesabu ya mwaka 2023 ilipata nyumba zipatazo milioni 9 zisizokaliwa na mtu, na nyingi za vijijini zimefungwa kwa sababu wazee wamekufa na warithi wamehamia mijini. Basi tusione haya. Nyumba tupu si dalili ya uvivu wa kabila letu. Ni jambo la dunia, nalo lataka utaratibu.

Dabare

Utaratibu huo hatuna haja ya kuuagiza kutoka ng'ambo. Tunao. Wazee wanaijua dabare. Mwenye ng'ombe wengi humpa ng'ombe wa maziwa mtu aliyepungukiwa. Mpewa hunywa maziwa, humchunga, humnywesha na kumwuguza. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Mwenyewe hakupoteza mnyama, alipata mchungaji. Mpewa hakuomba sadaka, alifanya kazi.

Kupangisha nyumba iliyoshuka bei ni dabare ya mawe. Mpangaji hunywa maziwa, ndiyo kivuli na mlango wa kufunga usiku. Malipo yake makubwa si zile shilingi. Ni kule kukaa kwake, kuona ufa, kuzibua mfereji, kuwasha taa. Mwenye nyumba afahamu hivi atamtafuta mpangaji mwema kabla ya kutafuta kodi kubwa. Mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa Kaunti, mwenye duka, maalimu wa madrasa: hawa ndio walioko, na mishahara yao yajulikana.

Na wako wasioweza kulipa kitu: jamaa waliopoteza mifugo yote. Kwa hao tunayo desturi ya busa gonofa, ambayo ukoo hukusanya wanyama kumwinua aliyeanguka. Mwanachama akitaka kumpa jamaa wa namna hiyo nyumba akae bure kwa sharti la kuitunza, ni jambo la kusifiwa. Lakini liandikwe kuwa ni makao ya kutunza, wala si zawadi ya nyumba, ili watoto wa huyu na watoto wa yule wasije wakapelekana mahakamani juu ya wema wa baba zao.

Hesabu ya kodi

Tutoze kiasi gani? Tutatoa mfano, na kila mtu atie tarakimu za nyumba yake.

Tuseme nyumba yahitaji shilingi 10,000 kwa mwaka kwa paa, mfereji, dawa ya mchwa na lipu. Tuseme mwangalizi aliyeko Sericho hupewa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kuitembelea na kutupa habari. Jumla ni 15,000. Sasa usigawanye kwa miezi 12. Walimu huhamishwa, na wakati wa mvua njia hukatika. Gawanya kwa 10. Utapata 1,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo sakafu. Kodi ikishuka chini ya 1,500, nyumba inajila yenyewe, kama tulivyoona Zanzibar. Kinachozidi sakafu ni cha mwenye nyumba, na hapo ndipo penye mazungumzo.

Mkiitazama hesabu hii mtaona ya kuwa shilingi 2,000 za mwalimu yule zilikuwa juu ya sakafu. Kwa miezi 10 zingalileta 20,000: nyumba ingalipata haki yake, mwangalizi angalipata haki yake, na mama yetu angalipata 5,000. Sisi tulidai 5,000 kwa mwezi, tukapata maji chumbani.

Ikiwa nyumba imeharibika na fedha za kuitengeneza hazipo, iko njia nyingine, nayo ndiyo iliyotuokoa. Mpangaji hutengeneza kwanza, kisha gharama hukatwa katika kodi mwezi kwa mwezi. Muuguzi mmoja alikubali kurudisha mabati na kutia fremu mpya, nasi tukampa miezi 10 bila kodi. Kazi iliandikwa, bei ya kila kitu iliandikwa, na stakabadhi za mabati na misumari zikatiwa katika faili. Hatukupata hata senti moja mwaka ule. Lakini nyumba imesimama.

Maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama wetu mmoja aliipangisha nyumba yake kwa mradi fulani kwa neno la mdomo. Mradi ulipokwisha, wapangaji waliondoka na miezi minne haijalipwa. Alipodai, aliambiwa alete mkataba, naye hakuwa nao. Kwa hiyo twashauri mambo manne.

Kwanza, ijulikane nyumba ni ya nani. Nyumba ya marehemu si ya mtoto mwenye ufunguo. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo wengi wetu twaifuata, mjane ana fungu lake, nalo ni moja ya nane palipo na watoto, na mabinti wana mafungu yao pamoja na ndugu zao wa kiume. Kodi nayo hugawanywa kama mali yenyewe. Palipo na mgogoro, Katiba ya mwaka 2010 imeipa mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu. Ni afadhali kwenda huko kabla ya kupangisha kuliko baada ya kugombana.

Pili, mkataba uwe wa karatasi moja, kwa lugha ambayo pande zote mbili zaifahamu, wenye jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, kodi, siku ya kulipa, amana, nani atatengeneza nini, na muda wa kutoa taarifa. Wazee wawili watie sahihi kama mashahidi. Siku ya kuingia iandikwe hali ya kila mlango na kila bati.

Tatu, fedha zikitumwa kwa simu, stakabadhi iandikwe vile vile. Ujumbe wa simu waonyesha kwamba fedha zimepita. Hauonyeshi ni za mwezi gani wala ni za nini.

Nne, tuijue sheria. Nyumba ya kukaa ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inaangukia chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mtu apendavyo. Na mwenye kupangisha chumba cha mbele kiwe duka, bila maandishi au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, ajue ya kuwa Sheria ya Sura ya 301, iliyoko tangu mwaka 1965, yamlinda mpangaji huyo. Hatatolewa ila kwa taarifa ya namna iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili, naye ana haki ya kwenda mbele ya baraza la kodi. Tusiione sheria hiyo kuwa adui. Leo mwanachama ni mwenye nyumba Sericho. Mwanachama yuyo huyo ni mpangaji Isiolo.

Maombi yetu kwa Mkutano

Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta mbele ya Mkutano huu maombi matatu. La kwanza, Chama kifungue daftari la nyumba za wanachama zilizoko Sericho, likionyesha mwenyewe, warithi, vyumba, hali ya paa, na kama ina mtu au haina. La pili, tuchague kwa pamoja mwangalizi mmoja mwaminifu aliyeko Sericho, alipwe kutoka katika fungu la kila nyumba, ili gharama isimlemee mtu mmoja. La tatu, Kamati itayarishe karatasi moja ya mkataba kwa Kiswahili, kila mwanachama apewe nakala bila malipo.

Twajua hoja itakayotolewa dhidi yetu, nayo ni hoja ya haki: kwamba mwenye njaa leo hawezi kungoja nyumba iliyotunzwa vizuri miaka kumi ijayo. Hatuna jibu la kutosha. Twasema tu ya kuwa Chama hiki kiliundwa ili mwenye njaa asilazimike kuuza mtamba wake akiwa peke yake. Basi mwanachama anayetaka kuuza kwa ajili ya karo au hospitali, na aje kwanza mezani petu kabla hajakwenda kwa mnunuzi. Huenda tukawa na kitu cha kumkopesha, huenda hatuna. Lakini atakuwa amehesabu pamoja na ndugu zake.

Mama yetu alikwenda Sericho mwaka huu kwa siku tatu. Muuguzi alimpokea kwa heshima, akamtandikia kitanda katika chumba kilichokuwa chake. Siku ya kurudi alisimama mlangoni kitambo kidogo, akashika fremu mpya kwa mkono wake, akapanda gari. Hakutuambia alisema nini, wala hatukumwuliza.

Twangoja uamuzi wa Mkutano.